Juu ya nini TFC ya arshitektire texte inasema yake na plani inasema yake?

Dada_Ndosho (Goma) #1

Jambo yenu bote. Swali yangu ni ya bale bamesoma arshitektire, na bale banajengaka na banaona plani zetu zikifika ku shantye.

Niko mwaka wa mwisho hapa Goma, projé yangu ya kumaliza masomo (kitabu na plani) ni shule ya msingi ku Majengo, palepale lava ya 2002 ilipita. Siku hizi pre-defansi (kutetea projé kwa kujaribu, mbele ya siku yenyewe) zimeanza na miye naendaka kukaa nyuma kusikiliza ya benzangu. Kuko kitu inarudia kila mara. Mutu anasoma texte yake muzuri kabisa, volkano, klima, mvua, "udongo wa pekee wa muji wa Goma", kurasa makumi. Halafu mwalimu anasimama, anaenda mpaka ku ukuta penye plani ziko, anaweka kidole chini ya kupe (mchoro wa jengo kama limekatwa toka juu mpaka chini): hapa ni nini? Chini ya ukuta kumechorwa tule tumistari twa udongo wa kawaida twenye programu inatiaka yenyewe, na semeli (kitako cha fondasyo) imeshuka mita 1,20. Ku Majengo! Mita 1,20 ndani ya lava, nani atachimba? Na ukurasa wa mbele yeye mwenyewe aliandika kama ile jiwe ni ngumu.

Miye naona texte na plani zimekuwa kazi mbili zenye hazijuane, kama vile mutu moja ameandika na mungine amechora. Na naona kosa ni ya mupango: banatulazimisha tumalize kuandika njo tuanze kuchora, kwa hiyo wakati plani inazaliwa texte imeshafungwa. Ningependa tuchore kwanza. Niko sawa ao hapana? Batu ba Bukavu na Lubumbashi, kwenu iko namna gani?

Assistant_Himbi (Goma) #2

Mudogo, swali muzuri. Nafundisha, sitasema wapi. Miye siamini ni mupango, naona ni mufano wenye tulichukua. Mifupa ya TFC yetu ilitoka ku sosyoloji na jestio: problematiki, ipotezi, metode, faida ya somo. Mwanafunzi wa arshitektire anajaza ile mifupa kwa sababu iko lazima, njo anaandika ipotezi ya namna hii: "shule ikijengwa muzuri watoto batasoma muzuri". Nani atahakikisha ile? Utajenga shule, ungojee miaka, uhesabu pwenti za watoto?

Ipotezi ya mu arshitektire inapaswa kuwa kitu chenye ukiweka reglé (rula) ku plani unapata jibu. Kama: darasa la watoto 50 linaweza kupata mwangaza wa kutosha saa mbili asubuhi bila taa. Pale unalazimika kuchora kupe, unaonyesha dirisha linaanzia urefu gani na linaishia wapi, bati inatoka nje kiasi gani, ukuta wa ndani uko na rangi gani. Texte na plani zinaanza kusemezana zenyewe.

Secretariat_Birere (Goma) #3

Tuseme ukweli basi. Miye nafanyaka kazi ya kupiga texte na kuimprime. Wengine banakuja na klé USB, ndani kuko TFC ya mutu mungine wa muji mungine, banasema "badilisha jina la muji". Unafanya tafuta-na-badilisha, inaisha. Kuko moja ilipita mbele ya macho yangu, projé ya soko hapa Goma, mu chapitre ya klima mto Tshopo ulikuwa ungali unapita katikati ya texte. Tshopo iko Kisangani. Mwenye kazi alikuwa anangojea tu tubande ile kitabu aende.

Sasa unataka plani ijue kitu gani ku ile texte wakati mwenyewe hajaisoma?

Dada_Ndosho #4

@Secretariat_Birere aksanti, lakini usiweke bote mu kapu moja. Bale niliona ku pre-defansi, wengi baliandika benyewe, walilala usiku juu yake, najua. Na bado texte na plani hazikutani. Kwa hiyo kopye-kole haimalizi swali.

@Assistant_Himbi ile ya ipotezi yenye kupimwa na reglé nimeikamata.

Mjenzi_Mbeya (Tanzania) #5

Habari zenu wakuu. Nimepita tu nikavutiwa. TFC ndiyo nini? Nilikosoma mimi ripoti ilikuwa ndogo, inakuja nyuma ya michoro, na mtihani wenyewe unasimama mbele ya michoro yako watu wanakuhoji. Ukishindwa kueleza mstari mmoja umekwisha. Sasa nyie mnasimama mbele ya nini, kitabu au mchoro?

Lushois_Katuba (Lubumbashi) #6

@Mjenzi_Mbeya karibu ndugu. TFC ni travay ya mwisho wa siklo, zamani ilikuwa mwisho wa graduat, G3, na memwari ilikuwa mwisho wa L2. Sasa tuko mu LMD (lisansi, masta, doktora) majina imebadilika lakini bantu bangali banasema paka TFC.

Na swali yako njo kiini. Sisi tunasimama mbele ya byote mbili, na jiri (walimu benye kutoa pwenti) inakuwa na bantu ba aina mbili. Kuko ule anasoma kitabu, anatafuta virgile na marjini, na kuko ule anaangaliaka plani. Bale babili habaongeake. Mwanafunzi anajua hivo, anatayarisha kila mumoja chakula yake.

Sasa miye nilete kesi ya huku kwetu juu naona bote muko mu lava. Kuko mambo ya jua. Mu TFC mingi za hapa Lubumbashi utasoma: "tumeelekeza salo upande wa kusini ili ipate jua na façade ya kaskazini tumeifunga juu iko na baridi". Ile sentensi imetoka mu vitabu vya Ulaya mzima mzima! Lubumbashi iko karibu digri 11 na dakika 40 kusini ya ekwata. Jua letu la saa sita linakaa upande wa kaskazini karibu miezi minane ya mwaka. Mwezi wa sita, wakati asubuhi kunakuwa baridi ya kweli, jua la saa sita liko kaskazini kwa urefu wa digri 55 hivi. Kwa hiyo mwenye kufunga kaskazini amefunga jua lenye alikuwa analitafuta. Halafu unaangalia plani, hata alama ya nord haipo. Kama alama ya nord haipo, ile chapitre yote ya klima iko inaongelea nini?

Kadutu_Mulima (Bukavu) #7

@Lushois_Katuba hapo umegonga. Lakini kwa Goma na Bukavu jua haina shida ya namna ile, sisi tuko karibu sana na ekwata. Goma ni digri 1 na kidogo. Nusu ya mwaka jua la saa sita iko kaskazini, nusu kusini, na kila mara iko juu sana. Chenye kinachoma ni mashariki na magaribi, asubuhi na saa kumi za jioni, wakati jua inaingia chini ya bati mpaka ku tableau.

Ya Bukavu ni mulima. Unakuta projé iko Kadutu ao upande wa Funu, penye mutu akiteleza anafikia ku mulango wa jirani, na plan de masse (plani ya jengo ndani ya parselle) iko sawasawa kama uwanja wa mupira. Hakuna kurba za nivo (mistari ya kuonyesha urefu wa tere) hata moja. Texte inaongea "eneo lenye mteremko mkali na hatari ya kuporomoka", na kupe inaonyesha ligne moja iliyonyooka toka ku parselle mpaka ku barabara. Mutetemeko wa tarehe 3/2/2008, ile Siku ya Mungu asubuhi, ilikuwa 5,9, kuta zilianguka hapa na ng'ambo ya Ruzizi. Kila TFC ya Bukavu inaitajaka. Tafuta sasa shenaji (mukanda wa betoni na fero wenye kufunga kuta) ku plani ya strukture, tafuta detay ya kona penye fero za shenaji mbili zinakutana. Hautapata.

Kwa maoni yangu kosa ni ya leve topo. Mwanafunzi hana vipimo vya tere. Topografi anaomba pesa, mwanafunzi hana, anachora ku tere ya kuwaza. Texte inaweza kuishi bila vipimo, plani haiwezi, njo maana zinaachana.

Mama_Shantye (Goma) #8

Miye sikusoma arshitektire, nasimamia shantye, ila plani zenu zinafika kwangu na zinanipa kazi. Niruhusuni.

Hapa Goma mbele ya kuongea fondasyo unakamata baramini (fimbo nzito ya chuma) unaenda ku parselle, unapiga. Unapiga hapa, unasonga, unapiga pale, na unasikiliza. Lava inaweza kuwa nzima, baramini inaruka mikononi inakuumiza, sauti inalia kavu. Halafu unasonga hatua mbili sauti inabadilika inakuwa ya kitu tupu, pale chini kuko shimo, lava iliganda juu na ndani ikabaki wazi. Nimeona baramini inaingia inapotea mpaka ku mikono ya fundi. Sasa ukuta wako wa mawe wa sentimita 40, kila mita ya mraba karibu tani moja, ukipanda mita 3 ni tani 3 kwa kila mita ya urefu, unauweka juu ya ile ganda? Ile tunavunja, tunajaza mawe na betoni, njo tunaendelea. Mwanafunzi akienda na fundi asubuhi moja tu anaweza kurudi na karata ya parselle yenye pwenti kavu na pwenti tupu. Haiombi mashini, haiombi topografi. Hakuna memwari hata moja nimeona yenye ile karata.

Jambo la pili sous-sol. Kuko plani nilipewa ya nyumba upande wa Himbi karibu na ziwa, parking chini ya udongo, imechorwa vizuri kabisa. Tere yenyewe iko mu bonde penye mazuku inatoka! Nikauliza mwenye plani kama anajua mazuku, akasema ndiyo, iko mu memwari yake, chapitre ya pili.

Mjenzi_Mbeya #9

Mama heshima yako. Mazuku ni nini tena?

Mama_Shantye #10

Ni gazi, kaka. Gazi ya kaboni inatoka chini ya udongo mu nchi ya volkano, ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inakaa mu mashimo na mabonde, haionekane haina harufu. Mbuzi inaingia kula majani inalala haiamke. Mutu pia. Asubuhi kama upepo haujaanza njo mbaya zaidi.

Assistant_Himbi #11

Mama amesema kweli, niongeze tu ili bageni basifikiri Goma yote iko vile. Mazuku iko pahali pamoja pamoja, zaidi magaribi ya muji kufuata ziwa, Himbi, Lac Vert, Bulengo kule. Mutu wa Majengo hana sababu ya kuijaza mu TFC yake kurasa tano. Na hii pia inanipa haki mu post #2: mwanafunzi anajaza chapitre ya Goma yote, volkano, mazuku, metani ya ziwa, yote, wakati parselle yake iko na shida mbili ao tatu tu za kweli. Texte inakuwa ya muji, plani inakuwa ya parselle.

Render_Master (Goma) #12

Salut. Naona mtu ametaja programu ku #1 kama njo mwenye makosa. Hapana. ArchiCAD inakuwekea udongo wa kawaida juu hujamwambia kitu. Hashi (tumistari twa kuonyesha) ya jiwe iko ndani, semeli unaweza kuipandisha, kurba za nivo unaweza kuziingiza. Programu inajaza penye mutu amenyamaza.

Ila nakubali jambo moja: banafunzi banatumia wiki zote mu picha za 3D, Lumion, majani, magari, wazungu banatembea mbele ya shule, juu jiri inapenda picha. Nimefanyia batu mingi ile kazi. Mutu anakuletea plani usiku wa mwisho, anataka jua la jioni. Simuulize jua inatoka wapi, na yeye haniambie. Kama pwenti zinatolewa ku picha, batu batafanya picha.

Kadutu_Mulima #13

@Render_Master kwa hiyo zile miti za baridi bila majani zenye naonaka mbele ya kliniki za Bukavu ni zako 😂

Render_Master #14

😂 Hapana ndugu, miye natiaka mugomba.

Dada_Ndosho #15

Aksanti bote, mnanifungua macho. Mama Shantye ile karata ya baramini nitaenda kuifanya, kama unaweza kuniunganisha na fundi nitakuandikia pembeni.

Sasa kuko kitu ningependa mnisaidie. Mu projé yangu nataka kuta za mbao. Goma mbao njo nyumba ya watu wengi, nyepesi, haiombi kuchimba sana, lava ikija unaweza kubomoa ukahamisha, na mutetemeko haiuwe mutu kama ukuta wa mawe. Texte yangu inasema vile. Promotere wangu, mwalimu mwenye kunisimamia, anakataa, anasema shule ni jengo la kudumu, weka mawe na betoni. Nikiweka mawe kwa plani, ile texte ya mbao nitaifuta ama nitaiacha? Hapa njo naona namna ile mambo mbili inaachana: plani inabadilishwa na promotere, texte inabaki.

Karisimbi_Boy (Goma) #16

Promotere yuko sawa. Mbao inawaka. Katedrali ya Saint-Joseph si iliharibika 2021 na lava? Fikiria kama ilikuwa ya mbao.

Secretariat_Birere #17

Hapana, katedrali ni 2002, tarehe 17 mwezi wa kwanza, lava ilipita katikati ya muji na ikafunika hata kipande cha pisti ya erepoti. Mwaka 2021, tarehe 22 mwezi wa tano usiku, lava ilisimama upande wa Buhene mbele ya kufika erepoti. Batu balitoka Goma tarehe 27 juu ya mitetemeko. Usichanganye.

Na katedrali haikuwa ya mbao, na haikubakia. Kwa hiyo ile mufano inageuka.

Karisimbi_Boy #18

Sawa kwa tarehe. Lakini ku moto wa kawaida, ule wa braziye na wa kurá mbovu, avenue nzima za mbao zinaishaga Goma, kila mutu anajua. Darasa la watoto 50 na mulango moja wa mbao? Miye sikubali.

Lushois_Katuba #19

Musilete vita bandugu. @Dada_Ndosho minaona usifute texte ya mbao. Andika: tulipima mbao na jiwe, mbao iko hivi, jiwe iko hivi, tulichagua jiwe juu ya moto na juu ya urefu wa maisha, na juu ya mutetemeko tumeongeza hii na hii. Weka uzito wa yote mbili ku tablo. Ukuta wa mbao wa sentimita 2,5, mita ya mraba ni kilo kama 15 bila mifupa yake, na mama amesema jiwe ni tani moja. Ile tablo ni texte na ni plani kwa mara moja. Huku kwetu tunafanya vile na tofali ya kuchoma: inakula makala na miti mingi mu miombo, lakini kila muntu anaipenda, kwa hiyo unalazimika kupima na blok ya sima.

Assistant_Himbi #20

Hapo sikubaliane kabisa. Kama mwanafunzi anaamini mbao, atetee mbao. Mulango wa pili kila darasa, umbali kati ya majengo, jiko mbali, ukuta wa mawe wa kukata moto kati ya madarasa mawili mawili. Ni mambo ya plani yote. Akikubali jiwe juu promotere amesema, jiri itamuuliza sababu na atajibu nini? Promotere hatasimama mbele pahali pake.

Bati_ya_Sake (Sake) #21

Nasoma toka asubuhi, hamjataja bati. Huku kwetu volkano ikitoa moshi upepo unausukuma kuja kwetu, mvua inashuka na asidi, bati jipya linakuwa nyekundu haraka. Na maji ya ile mvua iko na flori (floraidi), angalia meno ya watoto ba huku. Sasa TFC zote zinaandika "tutakusanya maji ya mvua" na zinaweka sitani (tanki ya maji). Sitani ya litre ngapi? Haiandikwe.

Hesabu ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua ku mita 1 ya mraba ni litre 1. Shule yenye bati ya mita za mraba 400, Goma inapata zaidi ya milimita 1000 kwa mwaka, toa kiasi chenye kinapotea, chukua 0,8, unapata litre 320 000 kwa mwaka. Meta kibe 320. Halafu unaangalia plani: tanki moja ndogo ya plastiki ku kona. Ile ingine yote inaenda wapi? Inaenda ku parselle ya jirani, na jirani anakuja kulalamika.

Dada_Ndosho #22

@Bati_ya_Sake aksanti sana, sikuwa nimefikiri upande wa jirani. Kwa kunywa basi haifai?

Bati_ya_Sake #23

Kusafisha vyoo na madarasa inafaa. Kunywa, pima kwanza. Na vyoo ni kitu kingine, mu lava choo cha shimo hakichimbike, na kikichimbika maji machafu inapita mu nyufa inaenda bila kuchujwa. Onyesha fosi septiki yako ku kupe, iko juu ya lava ama ndani, na nani ataitoa maji, kamyo itapita wapi.

Mama_Shantye #24

Nirudi kidogo juu kuko jambo linaniuma zaidi ya lava. Ngazi na rampe. Kila memwari inaandika "jengo letu linafikiwa na watu wenye ulemavu". Muzuri. Nafungua plani: jengo limeinuliwa sentimita 60, rampe mbele yake ina mita 3. Hiyo ni asilimia 20! Mwenye kiti cha magurudumu hatapanda, na akishuka atafikia barabarani. Kwa asilimia 5 inaomba mita 12. Mita 12 ni kitu kikubwa, inabadilisha façade yote, inabadilisha mulango, kwa hiyo mwanafunzi angeiandika kwanza njo achore, ama achore kwanza njo aandike, sijali, lakini mita 12 zitoke pahali.

Na ngazi ya shule. Toka sakafu ya chini mpaka ya juu mita 3,06, ni hatua 17 za sentimita 18. Kwa plani ngazi imepewa urefu wa mita 2,40. Hatua 17 zina pa kukanyaga 16, gawanya: sentimita 15. Hata kiatu cha mtoto wa primeri hakiingie! Ile kanuni munafundishwa, mara mbili urefu wa hatua ongeza upana upate 60 mpaka 64, naikuta imeandikwa mu texte neno kwa neno. Na upana wa 27 ingepata 63, inaomba mita 4,32. Nafasi ile haikuwepo, tukabomoa ukuta wa depo wenye ulikuwa umeshapanda.

Mjenzi_Mbeya #25

Mama unasema kweli tupu. Rampu sisi tulifundishwa moja kwa kumi na mbili, kwa hiyo sentimita 60 inataka mita 7,20. Asilimia 5 ni nzuri zaidi kwa mwenye kiti lakini kiwanja kidogo kinakukatalia.

Assistant_Himbi #26

Moja kwa kumi na mbili ni asilimia 8 na kitu. Ku norme za Ufaransa zenye tunafuata sisi 8 inakubaliwa kwa kipande kifupi tu, mita 2. Shule ya watoto, fuata 5, na weka palié ya kupumzika.

Ku swali la #1 sasa. Kuko kitu naombaka banafunzi bangu: mwisho wa kila paragrafe ya kazi ya kiufundi, waandike namba ya plani penye ile paragrafe inaonekana. Paragrafe yenye haina plani inatoka. Wengi banalia juu texte inabakia kurasa kidogo.

Secretariat_Birere #27

Na regleman inaomba kurasa kiasi fulani. Wakikosa banarudi kwangu kuongeza "jeneralite". Naona paka hivo.

Dada_Ndosho #28

@Assistant_Himbi nimeelewa, lakini wewe mwalimu uko moja. Mwengine akiuliza chapitre ya kwanza iko wapi, namba za plani hazitaniokoa. Na kwa hiyo ya vipimo @Kadutu_Mulima alikuwa na haki, parselle yangu ya Majengo inapanda na kushuka, pahali lava ni kama mawimbi, na topografi ameniomba pesa sina. Mita 12 za rampe nitaziweka wapi kama sijui nivo?

Kadutu_Mulima #29

Tiyo ya maji. Nunua tiyo ya plastiki yenye kuona ndani, ile nyembamba, mita 10 ao 15. Jaza maji polepole, angalia hakuna hewa hata kidogo ndani, puvu moja inaharibu yote. Mutu moja anashika kichwa kimoja ku pwenti yenye umechagua kama zero, na metre imesimama, wewe unaenda na kichwa kingine. Maji ikitulia, nivo ni moja pande zote mbili. Unasoma urefu toka maji mpaka chini, unatoa, unaandika. Fanya karó (miraba) ya mita 5 kwa 5 ku parselle yote, kila kona piga kipimo. Nyumbani unachora kurba zako mwenyewe.

Mama_Shantye #30

Na usitie maji ya baridi sana asubuhi uache ile tiyo ku jua, hewa inazaliwa ndani. Ongeza rangi kidogo uone vizuri. Dada, ukienda na baramini, fanya vyote siku moja, karó ni ileile: kila kona unapiga, unasikiliza, unapima nivo. Fundi wangu wa fondasyo anakaa Majengo, niandikie pembeni.

Render_Master #31

Ukipata zile nivo nitumie, nitakuonyesha namna ya kuziingiza mu ArchiCAD bure. Lakini usiniletee usiku wa mwisho.

Karisimbi_Boy #32

Na mbao ama jiwe, umeamua?

Dada_Ndosho #33

Bado. Nataka kwanza nione wapi baramini inalia tupu. Kama nusu ya parselle iko na mashimo, ule ukuta wa tani moja promotere atauweka wapi?

Assistant_Himbi #34

Atakuambia uvunje ujaze betoni, kama mama alisema ku #8. Kwa hiyo hesabu pia ile betoni, meta kibe ngapi, sima sako ngapi, na uende nayo.